Amri Itokayo Mkononi: Historia ya Rimoti ya Televisheni

Msomaji mpenzi, yawezekana kuwa nyumbani kwenu, au nyumbani kwa jirani yenu, kimo chombo kidogo chenye umbo la kipande cha mche wa sabuni, kimejaa vitufe mgongoni, na kila mtu hukitafuta jioni inapoingia. Chombo hicho ni rimoti ya televisheni. Hakina heshima kubwa. Hukaliwa, hukanyagwa, humwagiwa chai, na watoto wachanga hukitafuna kama muwa. Lakini siku kipoteapo au kivunjikapo, ndipo watu wa nyumba hiyo wanapokijua cheo chake. Televisheni iko pale pale ilipokuwa jana, nzima, haina kilema, umeme umo, waya wa antena haukukatika, lakini haisikii. Imekuwa kama mzee aliyekasirika akaugeuza uso wake ukutani.

Hapo baba, au kaka mkubwa, huenda mjini akanunua rimoti nyingine. Hurudi nayo, akaitia betri, akailenga televisheni, akabonyeza. Hapana kitu. Hubonyeza tena kwa nguvu zaidi, kana kwamba nguvu za kidole ndizo zilizopungua. Hapana kitu. Rimoti mpya ni nzima, na televisheni ni nzima, na kati ya wazima hao wawili kumelala kimya. Kosa li wapi? Kosa ni kwamba hawajuani lugha. Mmoja anena, na mwenziwe hafahamu.

Nataka tuifuate, wewe na mimi, historia ya jambo hili: jinsi binadamu alivyopata uwezo wa kuamuru chombo kwa mbali, jinsi vyombo hivyo vilivyopewa lugha nyingi zisizopatana, na jinsi ilivyobidi kubuni rimoti ya kufundishwa ili kuziba pengo hilo. Ni historia ya kitu kidogo, lakini kitu kidogo chaweza kuonyesha jambo kubwa. Tutaona mwishoni kwamba swali lenyewe si la televisheni tu. Ni swali la nani aliye bwana wa chombo alichokinunua.

Hamu ya kuamuru kwa mbali ni ya kale kuliko televisheni. Mwaka 1898, Nikola Tesla, mhandisi wa asili ya Kiserbia aliyehamia Marekani, aliwaonyesha watu katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York mashua ndogo iliyokwenda majini pasipo kamba wala nahodha. Aliiongoza kwa mawimbi ya redio, naye amesimama nchi kavu. Mwaka huo huo alipewa hataza ya ubunifu wake. Miaka mingi ilipita kabla ya fikira hiyo kuingia sebuleni. Mwaka 1939 kampuni ya Philco ilitoa redio iliyoongozwa kwa kisanduku kisichokuwa na waya, chenye duara la namba mfano wa simu za zamani. Mwenye nyumba alizungusha namba, na redio iliyokuwa upande wa pili wa chumba ikabadili stesheni.

Televisheni ilipoenea Marekani baada ya Vita Vikuu vya Pili, katika mji wa Chicago kulikuwa na kampuni iliyoitwa Zenith. Mkuu wake, Eugene McDonald, alikuwa na chuki moja kubwa: alichukia matangazo ya biashara. Aliona kuwa watazamaji hawatayavumilia daima, na akawataka wahandisi wake wabuni njia ya kumwezesha mtu kuyanyamazisha bila kuinuka kitini. Mwaka 1950 walimpa chombo kilichoitwa Lazy Bones, jina la utani apewalo mtu mvivu. Kilikuwa kitasa kilichofungwa kwenye televisheni kwa waya mrefu. Ukibonyeza, mota iliyokuwa ndani ya televisheni iligeuza stesheni. Kazi ilifanyika, lakini waya ulikatiza sebule kama mtego wa sungura, na watu wakajikwaa. Tena chombo hicho hakikuweza kunyamazisha sauti, jambo ambalo McDonald alilitamani kuliko yote.

Basi waya haukufaa. Mwaka 1955 mhandisi mmoja wa kampuni hiyo, Eugene Polley, alibuni chombo kilichoitwa Flash-Matic. Kilifanana na bastola ndogo, na kazi yake ilikuwa kutoa mwali wa taa. Katika pembe nne za kioo cha televisheni palitiwa macho manne yenye kuhisi mwanga, na kila jicho lilikuwa na kazi yake: moja kuwasha na kuzima, moja kunyamazisha sauti, na mawili kupeleka stesheni mbele au nyuma. Mtazamaji alilenga pembe aliyoitaka, na televisheni ikatii. Huo ndio mwanzo wa rimoti ya televisheni isiyokuwa na waya.

Lakini macho yale manne yalikuwa na udhaifu. Yaliujua mwanga, ila hayakujua mwanga umetoka kwa nani. Jua la jioni lilipoingia dirishani na kuiangukia televisheni, lilikuwa amri kama amri nyingine. Stesheni zikabadilika zenyewe, pasipo mtu kuinua mkono. Likumbuke jambo hili, msomaji, maana tutalirudia. Udhaifu wa Flash-Matic haukuwa uziwi. Ulikuwa ni kusikia kila asemaye.

McDonald akataka dawa nyingine. Wahandisi wakafikiri juu ya mawimbi ya redio, wakayakataa kwa sababu moja yenye busara: mawimbi ya redio hupita ukutani. Katika jengo la nyumba nyingi, mtu angezima televisheni yake akamzimia na jirani. Sauti iliyo masikioni mwa watu nayo ingekuwa kero. Hapo ndipo Robert Adler alipoleta shauri lake. Adler alizaliwa Vienna mwaka 1913, akapata shahada ya udaktari wa fizikia katika mji huo, na mwaka 1941 akaingia kazini Zenith. Shauri lake lilikuwa kutumia sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia.

Chombo chake kilitolewa mwaka 1956 kwa jina la Space Command. Ndani yake mlikuwa na vijiti vinne vya alumini vya urefu mbalimbali, na mbele ya kila kijiti nyundo ndogo. Ukibonyeza kitufe, nyundo iligonga kijiti, na kijiti kikalia kama ubao wa marimba. Ila mlio wake ulikuwa mwembamba mno, ukitetemeka karibu mara 40,000 kwa sekunde, hali sikio letu hukoma kwenye 20,000 hivi. Televisheni iliusikia, ikaupima, ikajua ni kijiti kipi kilichogongwa. Chombo hicho hakikuhitaji hata betri. Wauzaji ndio walioshikilia kuwa kisiwe na betri, wakihofu kwamba betri zitakapokwisha, mnunuzi atadhani televisheni yenyewe imeharibika. Kwa upande wa televisheni gharama ilikuwa kubwa: zilihitajiwa taa sita za ziada za kioo, zile zilizotumika ndani ya redio kabla ya kuja kwa transista, na bei ikapanda kwa kadiri ya asilimia 30. Hata hivyo ubunifu wa Adler, uliotengenezwa upya baadaye kwa transista na betri, ulidumu kwa muda wa robo karne.

Nao haukukosa kasoro. Funguo zilizogongana au sarafu zilizoanguka sakafuni ziliweza kutoa mlio wa namna ile ile, na televisheni ikabadili stesheni kwa kuitika mwito usiokuwa wake. Tena kijiti kimoja kilikuwa na neno moja tu. Rimoti ya vijiti vinne ilikuwa na maneno manne, na mtu aliyetaka maneno arobaini angehitaji kubeba sanduku zima la vijiti.

Maneno hayo mengi yakahitajiwa kweli. Miaka ya 1970 stesheni ziliongezeka, na televisheni ikaanza kupewa kazi mpya. Katika Uingereza, kwa mfano, shirika la BBC lilianzisha mwaka 1974 huduma ya Ceefax, iliyoleta kurasa za maandishi kwenye kioo cha televisheni. Na msomaji wa kurasa hana budi kuwa na vitufe vya namba kuanzia sifuri hata tisa. Wakati huo huo vipande vidogo vya silikoni, vyenye maelfu ya transista ndani yake, vilikuwa vikishuka bei. Wahandisi wakarudi kwenye mwanga wa Polley, lakini safari hii kwa akili mpya.

Mwanga walioutumia ni ule uitwao infraredi, ulio chini ya wekundu, ambao macho yetu hayauoni. Ukitaka kuushuhudia, chukua simu yenye kamera, ielekeze kwenye taa ndogo iliyo kichwani mwa rimoti, kisha bonyeza kitufe. Katika simu nyingi utaona nukta ya zambarau au nyeupe ikimetameta, ingawa ukiitazama kwa macho yako matupu taa imekufa. Kamera yaona usiloliona. Nayo ni njia nzuri ya kujua kama rimoti iliyonyamaza ni mgonjwa au ni nzima.

Je, ile kasoro ya jua iliondolewaje? Jua hutoa infraredi nyingi, na taa za nyumbani kadhalika. Dawa ilikuwa kuufanya mwanga wa rimoti upepese kwa mwendo maalumu. Rimoti nyingi hupepesa mara 38,000 kwa sekunde. Za Philips zilizofuata kanuni yake ya kale hupepesa mara 36,000. Za Sony mara 40,000. Jicho la televisheni limeumbwa lijali mwanga wenye kupepesa kwa mwendo huo tu. Jua halipepesi, hung'aa moja kwa moja, basi jicho hulipuuza, kama vile mtu aliye sokoni apuuzavyo zogo la watu wote akasikia jina lake peke yake likiitwa.

Juu ya mpepeso huo, rimoti huandika maneno kwa kuuwasha na kuukata. Lifikirie jambo hili kama ngoma ya mgambo. Mpigaji hupiga pigo, hunyamaza kidogo, hupiga tena. Katika lugha moja itumiwayo sana, ile iliyotungwa na kampuni ya Kijapani ya NEC, kimya kifupi baada ya pigo ni sifuri, na kimya kirefu ni moja. Kwa sifuri na moja hizo rimoti hutaja kwanza anwani, yaani ni chombo kipi kinachoitwa, na halafu amri yenyewe. Kisha lugha hiyo hufanya jambo la uangalifu mkubwa: hulisema kila neno mara ya pili kwa kinyume chake, penye sifuri ikaweka moja, na penye moja ikaweka sifuri. Televisheni hulinganisha kauli mbili hizo, na zisipokuwa kinyume kamili, hujua kwamba ujumbe umechafuka njiani, ikaukataa.

Philips nayo ilitunga lugha yake, iitwayo RC-5. Lugha hiyo hutumia tarakimu tano za sifuri na moja kwa anwani, nazo hutosha vyombo 32, na tarakimu sita kwa amri, nazo hutosha amri 64. Iko pia tarakimu moja ya pekee ambayo hugeuka kila kitufe kinapobonyezwa upya. Faida yake ni nini? Ukikishikilia kitufe cha 1, televisheni itajua umesema moja. Ukikiinua kidole ukabonyeza tena, itajua umesema kumi na moja. Bila alama hiyo ndogo, mtu mwenye kidole kizito angetaka stesheni ya kwanza akajikuta katika ya kumi na moja.

Sasa twaona ile shida tuliyoanza nayo ilikotoka. Lugha zilikuwa nzuri, lakini zilikuwa nyingi. Kila kampuni ilitunga yake au ilichagua iliyoipenda, na hapakuwa na baraza lililozikutanisha zote zikubaliane. Ikawa mfano wa mnara wa Babeli. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, mwenye nyumba katika nchi za kitajiri alikuwa na rimoti ya televisheni, rimoti ya mtambo wa kanda za video, na rimoti ya muziki, zimejipanga mezani, na hakuna iliyoweza kufanya kazi ya mwenzake. Chombo kilichobuniwa kumpunguzia mtu taabu kilikuwa kimezaa taabu nyingine.

Wabunifu waliitafuta tiba kwa njia mbili, na hata leo njia ni hizo hizo. Njia ya kwanza ni ya kamusi. Rimoti hutoka kiwandani ikiwa na lugha nyingi zimehifadhiwa katika kumbukumbu yake, na mnunuzi huiambia ni ipi aitumie. Mwaka 1985 kampuni ya North American Philips ilitoa rimoti ya namna hiyo chini ya jina la Magnavox. Mwaka uliofuata ikaundwa kampuni ya Universal Electronics, ambayo kazi yake kubwa ikawa kukusanya misimbo ya vyombo vya dunia nzima, na rimoti zake za One For All zikawa mashuhuri. Njia ya pili ni ya mwanafunzi. Rimoti haiji na lugha, bali huja na sikio; hutazama rimoti nyingine inaposema, ikayaiga mapigo yake. General Electric ilitoa rimoti ya namna hiyo, iliyoitwa Control Central, katika miaka hiyo hiyo.

Mtu mwingine aliyeingia katika kazi hii ni Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Apple. Alianzisha kampuni ndogo iliyoitwa CL 9, na mwaka 1987 akatoa rimoti aliyoiita CORE. Hiyo haikujifunza tu. Mwenyewe aliweza kuiunganisha na kompyuta, na kuipangia mfululizo wa amri ziende moja baada ya nyingine kwa kitufe kimoja. Ilikuwa kazi ya fundi hodari, lakini ilidai kwa mtumiaji elimu ambayo watu wengi hawakuwa nayo, na haikuenea. Hapo pana funzo: chombo kikiwa na uwezo mwingi kuliko subira ya mtu anayekitumia, uwezo huo hubaki sandukuni.

Turudi sasa kwa yule kaka aliyetoka mjini na rimoti mpya. Afanyeje? Kwanza atie betri mpya, maana rimoti yenye betri hafifu hujifunza vibaya. Aiwashe televisheni kwa kitufe kilicho kwenye televisheni yenyewe. Katika rimoti nyingi za namna ya kamusi, atabonyeza na kushikilia kitufe cha kupangia mpaka taa ndogo iwake. Kisha ataandika namba iliyo katika karatasi mbele ya jina la kampuni iliyoitengeneza televisheni yake. Namba hiyo aghalabu huwa ya tarakimu tatu au nne. Si siri wala uchawi. Ni ukurasa wa kamusi. Kwa kuiandika, anaiambia rimoti: tangu leo sema lugha hii.

Kama karatasi imepotea, nayo hupotea mara nyingi kuliko rimoti, iko njia ya kutafuta. Rimoti huagizwa itume amri ya kuzima katika lugha ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, mpaka televisheni izime. Kwa nini amri ya kuzima? Kwa sababu jibu lake halina shaka. Hata aliye mbali ataona kioo kimekuwa cheusi. Kioo kinapozima, mtu abonyeze mara moja kitufe cha kuhifadhi, kabla rimoti haijapita mbele. Hapa haraka haraka haina baraka. Wengi hubonyeza kwa pupa, wakaipita lugha yao bila kujua, wakamaliza orodha nzima, na kusema rimoti ni mbovu. Tena zipo lugha zilizo ndugu: huafikiana katika neno la kuzima zikatofautiana katika neno la sauti. Kwa hiyo yampasa mtu ajaribu vitufe vyote kabla ya kuridhika, na ikiwa baadhi havitii, aendelee kutafuta namba nyingine ya kampuni ile ile.

Njia ya mwanafunzi ni tofauti. Rimoti mbili huwekwa mezani zikitazamana, ya zamani na mpya, mwanya wa vidole viwili au vitatu kati yake. Mtu hubonyeza kitufe katika mpya, kisha kile kile katika ya zamani, na mpya huyanakili mapigo. Lakini, msomaji, angalia sharti lililofichwa humo. Mwalimu ni lazima awe hai. Rimoti ya zamani ikiwa imekwisha kufa, mwanafunzi hana wa kumfundisha, hata akiwa na sikio jema namna gani. Mwenye busara huifundisha rimoti ya akiba siku ile ya kwanza yazima, wakati ile ya mbele ingali nzima. Nasi twajua kwamba sharti hili halikuwekwa kwa rimoti peke yake. Mara ngapi tumekwenda kumuuliza mzee neno la zamani tukakuta matanga?

Karibu na mwaka 2000 likatokea jambo lingine la kupendeza katika historia hii. Watu wapendao ufundi huko Marekani waligundua kwamba rimoti kadhaa zilizotengenezwa na Universal Electronics zilikuwa, chini ya kifuniko cha betri, na matundu au pini sita, na kwenye ubao wa umeme pameandikwa herufi JP1. Kupitia hapo waliweza kuunganisha rimoti na kompyuta, wakasoma kumbukumbu yake na kuiandika upya. Wakaongeza lugha ambazo kiwanda hakikuzitia, wakahamisha kazi za vitufe kutoka mahali hadi mahali, wakapanga mfululizo wa amri kama walivyotaka. Rimoti ya bei rahisi ikafanya kazi ya rimoti ya bei kubwa. Hawakulipwa kwa hayo. Walifundishana bure, na chombo kilichokuwa kimefungwa kikafunguka mikononi mwa wenyewe.

Je, sisi wa Kenya tuna sehemu gani katika habari hii? Televisheni ilianza nchini mwetu mwaka 1962, wakati vijiti vya Adler vilikuwa vingali vikilia Marekani, lakini kwa miaka mingi hapa kwetu rimoti ilikuwa ni mtoto wa nyumba, aliyeambiwa, "Simama, geuza." Baadaye rimoti zenyewe zikaja. Na mwaka 2015, nchi ilipohamia matangazo ya dijitali, nyumba nyingi zililazimika kununua king'amuzi ili televisheni ya zamani iendelee kuona. King'amuzi kikaja na rimoti yake. Siku moja tu, nyumba iliyokuwa na rimoti moja ikawa na mbili: moja ya kuwasha televisheni, nyingine ya kuchagua stesheni, na mgeni akiichukua isiyokuwa yake, hubonyeza mpaka achoke. Ndiyo maana vibanda vya mafundi na wachuuzi katika miji yetu vimejaa rimoti za badala, zimefungwa katika nailoni. Aziuzaye hukuuliza kwanza jina la televisheni yako, na swali lake, ukilifahamu, ni hili: mashine yako yasema lugha gani?

Siku hizi pameanza kuwa na sura nyingine. Televisheni nyingi mpya huongozwa kwa mawimbi ya redio badala ya infraredi. Yale yaliyokataliwa Chicago kwa sababu ya jirani. Tatizo la jirani limetatuliwa kwa kuoanisha: rimoti na televisheni hutambulishana kwanza, kisha hazimsikii mwingine. Ni ubunifu mwema. Lakini una upande wake wa pili, maana rimoti ya badala ya infraredi huenda ikaiwasha na kuizima televisheni hiyo, na kazi nyingine zikagoma. Kadiri lugha ya chombo inavyozidi kuwa siri ya mtengenezaji, ndivyo mnunuzi anavyozidi kuwa mpangaji katika nyumba aliyoilipia.

Hili ndilo jambo kubwa nililosema tutalifikia. Fikiria ni televisheni ngapi zimetupwa, au zimeuzwa kwa bei ya hasara, si kwa kuwa ziliharibika, bali kwa kuwa hapakuwa na mtu nyumbani aliyejua namba ya tarakimu nne. Familia yenye kipato kidogo ilijinyima kwa miezi kupata chombo. Kikashindwa kwa kukosa neno. Asiyejua neno hununua upya. Alijuaye huokoa mali. Kati ya wawili hao hakuna tofauti ya mali wala ya nguvu, ila ya subira ya kusoma karatasi moja na kuitunza. Basi ukiwa kijana uliyesoma, na katika nyumba yenu wewe ndiwe upewaye rimoti mpya na kuambiwa, "Hebu itazame hii," usiione kazi hiyo kuwa ndogo. Ukiisha kuipata namba, iandike ndani ya kifuniko cha betri, ili ajaye baada yako aikute.

Na wabunifu wetu walikuwaje mwisho wao? McDonald alifariki mwaka 1958, na matangazo ya biashara aliyoyachukia yangalipo. Mwaka 1997 Polley na Adler walitunukiwa pamoja tuzo ya Emmy kwa kazi yao, baada ya miaka mingi ambayo watu walikuwa wakimtaja Adler zaidi, jambo lililomuuma Polley. Adler alifariki mwaka 2007, na Polley mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 96. Wakati huo ulimwengu ulikuwa umeurudia mwanga wake, ingawa kwa namna ambayo macho hayaioni. Baada ya kifo cha Adler mkewe alieleza kwamba mumewe hakuwa mpenzi wa kutazama televisheni. Mtu aliyewawezesha mamilioni ya watu wasiinuke vitini mwao, yeye mwenyewe hakukaa kitini kuitazama.

Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Rimoti ilibuniwa ili mtu asiinuke wala asiiname. Lakini ikivunjika na nyingine kuletwa mahali pake, sharti la wahenga hurudi pale pale. Hatutii mpaka tuketi naye, tusome karatasi yake, tumfundishe lugha ya nyumba yetu neno kwa neno. Mtumishi huyu ni mwepesi wa kutii, lakini hatumiki kwa asiyemjua.